Mdai wa Mzigo Namba Arobaini na Moja

Tone lilianguka. Kimya kidogo, kisha lingine. Maaike alisikiliza gizani akidhani ni paa, maana mjini Middelburg, Uholanzi, majira ya baridi hakuna paa lisilolia. Lakini nje hapakuwa na mvua. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi na dirisha bado jeusi. Akawasha mshumaa, akashuka jikoni.

Mwanamke mweusi alikuwa amekaa juu ya sanduku la shuka, kando ya kitanda cha yule mtoto waliyewekeshwa. Maji ya bahari yalimdondoka kutoka pindo la nguo mpaka kwenye vigae. Mtoto alilala fofofo, mguu mmoja ameutupia mapajani mwa mgeni, kama watoto wanavyowafanyia mama zao. Nyusi zao zilikuwa zile zile.

Maaike akatega ndoo, akachochea moto, ndipo akamwita mumewe.

"Baba Joos, shuka. Mmepata mtu."

Lieven, karani wa mahakama ya ngawira, alishuka na soksi mkononi. Akamtazama mgeni, akamtazama mtoto, akaketi kuvaa soksi.

"Ni wa mzigo namba arobaini na moja," akasema. "Jana tulipiga mbiu ya kwanza."

"Mmeita, amekuja. Ubaya uko wapi?"

"Ubaya, mama Joos, ni kwamba hajawahi kuja mtu."

Hilo lilikuwa kweli. Meli ya adui ikitekwa, orodha ya shehena husomwa kwenye ngazi za baraza la mji, siku tatu mfululizo, na mpiga mbiu hutangaza: mwenye haki na mali hii ajitokeze. Wenye mali huwa wako kwao Lisbon kwa adui, au chini ya bahari. Baada ya mbiu ya tatu watu husimama kimya kwa muda wa sala moja, na kimya hicho ndicho kinachofanya mali iwe halali ya mtekaji. Safari hii shehena ilikuwa sukari, pembe za ndovu, na mtoto wa kike wa miaka kama sita. Kwa kuwa ghala lina panya, mtoto aliwekwa kwa karani. Miezi minne alikula uji wa shayiri na Joos, mwana wa karani, kwenye bakuli moja, na hakutamka neno. Mabaharia walisema mama yake alifia njiani, wakamtupa majini.

Mbiu ya pili ilipigwa. Mgeni akabaki pale pale. Jirani, bi Tanneke, alichungulia mlangoni.

"Mama Joos, hongera! Umepata kijakazi asiyekula."

"Na wewe umepata mdomo usiochoka," Maaike akamjibu. "Nipe chumvi, uende zako."

Hakuwa na hasira. Alikuwa na matumaini. Usiku huo alimpimia mtoto kitambaa cha gauni, rangi ya buluu, na pindo akaliacha refu ili literemshwe akikua. Mama mwenyewe amekuja, aliwaza. Mahakama itamwambia nini mama? Itamwachia mwanawe huru, naye atamlea hapa, ndani ya nyumba hii.

Siku ya mbiu ya tatu mgeni aliinuka, akatembea hadi barazani, akiacha nyayo za maji kwenye theluji. Maaike alimfuata na mtoto mkononi. Mzee Gillis, mpiga mbiu, alipomaliza kuita, mwanamke akasema jambo. Baharia mmoja akatafsiri: "Anasema, Nsona ni wangu. Nimemzaa mimi."

Lieven akaandika jina. Ndipo walipojua kwamba mtoto anaitwa Nsona.

Walimsikiliza kwa adabu. Dokta Verschoor, msomi wa sheria aliyetoka chuo cha Leiden na vitabu vyake, alisimama akaeleza kwamba kwa sheria ya maumbile, ambayo Mungu ameiandika katika akili ya kila mtu, hakuna anayezaliwa mtumwa. Aliisema vizuri mno hata wanawake wakatoa leso. Maaike akamkaza mtoto mkono. Kisha dokta akafungua kitabu cha pili. Kwa sheria ya mataifa, akasema, ambayo wanadamu wamekubaliana, kinachotekwa katika vita vya haki ni cha mtekaji.

"Na mdai huyu?" hakimu akauliza.

"Mdai amefika kwa wakati, mheshimiwa. Ila amekufa. Haki ya marehemu humwendea mrithi wake. Mrithi wake ni mtoto huyu. Mtoto huyu ni mali, na mali hairithi."

Hakimu akatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyeona kasoro. "Karani, futa hilo jina," akasema. "Namba inatosha."

Lieven akafuta.

Jioni hiyo hiyo Nsona alipakiwa kwenye mashua kwenda bandari ya Vlissingen, meli ilikokuwa ikingoja, amevaa gauni la buluu ambalo lilikuwa bado na uzi wa kupigia bandi. Mama yake, aliyekuwa amerudi jikoni kwa Maaike, alitaka kumfuata. Alipofika kizingitini mwa nyumba akasimama, kama aliyekutana na ukuta. Akajaribu tena. Akarudi kuketi.

Mzee Gillis aliitwa.

"Aliyeitwa na mbiu haondoki mpaka aruhusiwe," akaeleza, akijikuna sikio. "Mwenye dai ningemruhusu. Sasa huyu, hakimu kasema hana dai. Namruhusu kama nani?"

"Babu, si useme tu neno moja?" Maaike akamwomba.

"Mwanangu, nikisema bila amri nitakula wapi?"

Akavaa kofia, akaenda. Lieven alifungua kitabu cha sheria, akakifunga, akakifungua. Maaike aliondoa bakuli mezani na hakumtazama.

Ndipo Joos, mwenye miaka mitano, aliposhuka kwenye benchi. Alikwenda mpaka mlangoni, akaufungua kwa mikono miwili, akamgeukia mwanamke.

"Mama Nsona, nenda, yuko Vlissingen."