Breki ya Kwenye Picha

"Nimekaza," shemeji yake fundi wa lifti alisema, akigonga meza kwa kifundo cha kidole. "Jambo limetimia na tunda lake liko mkononi. Umekula, umeshiba. Sasa kwa Kiingereza!"

"I am tightening," fundi alijibu.

"Bado unakaza? Tangu asubuhi? Hiyo nati si itakatika!"

Dada yake fundi, mke wa shemeji, aliyekuwa akipiga pasi, aliangua kicheko. Fundi hakucheka. Mikono yake iliijua lifti tangu waya hadi breki, lakini kesho angesailiwa kwa Kiingereza, na asiyefaulu usaili hapandi kuwa fundi mkuu. Mwaka jana cheo kilimponyoka vivyo hivyo.

La kuudhi ni kwamba kanuni ya wakati timilifu aliielewa. Akiulizwa habari za kufua au kusafiri, alijibu bila kujikwaa: I have washed, I have travelled. Ila mazungumzo yakifika kwenye lifti, ulimi uligoma. Katika karakana yao ilikuwa mwiko mtu kutamka kwamba amemaliza kazi yake mwenyewe. Hata nati iwe imeuma mpaka mwisho, ulisema unaendelea. Mwenzako akishakagua, yeye ndiye hutangaza kwamba kazi imekwisha. Aliyekiuka mwiko huo alinyang'anywa vifaa, akapewa ufagio.

"Weka karakana kando," shemeji alinung'unika. "Huu ni mtihani."

"Najaribu, shemeji. Unadhani nafurahia kuonekana mjinga?"

"Mjinga angekuwa nafuu. Mjinga hufundishika!"

Kesho yake msaili, mama wa makamo mwenye miwani, alianza na maswali ya nyumbani na safari. Fundi aliyajibu kama maji yateremkayo. Kisha mama yule akasukuma mezani picha ya breki ya lifti. "Have you checked this brake?"

Alilijua jibu linalotakiwa: I have checked. Akaitazama ile breki. Akatazama pembeni, pasipokuwa na mwenzake yeyote.

"I am checking," alisema.

Msaili akalirudia swali polepole, kwa huruma iliyozidi kumkera. Naye akajibu vilevile. Kalamu ikapita juu ya karatasi, na mlango ukafunguliwa.

Shemeji alikuwa akimngoja nje. Alipousoma uso wake, akajishika kiuno. "Umewaambia nini?"

"Hakuna aliyeikagua baada yangu."

"Ni picha, shemeji! Picha! Nani angepanda lifti ya karatasi?"

"Najua!" Watu wawili waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Akashusha sauti, nayo ikamkatika. "Najua, na bado sikuweza. Basi niache. Kesho nitabeba begi lilelile la vifaa, nimwite mtu mwingine mkuu, na akiniuliza kama kazi imekwisha, nitamwambia naendelea."