Madigadi ya Mzee Bediako

Tangu Kwadwo Ntim apate mashine ya umeme ya kung'arisha magari, mafundi wengine wote wa Suame, mtaa wa magereji wa Kumasi, aliwaona washamba. Yeye mwenyewe alikuwa amesugua kwa kitambaa miaka sita, lakini hayo alishayasahau. Ushauri ulimwingia sikio hili na kutokea lile.

"Bandika utepe kwenye kingo," Konadu, mpiga rangi wa gereji ya jirani, mwanamke asiyejua kunong'ona, alimwambia. "Pale rangi ni nyembamba. Anza spidi ya chini, usikandamize, usigande mahali pamoja. Na litoe gari juani, bati limechemka!"

"Dada Konadu, hii imetoka Ujerumani."

"Haya, Mjerumani. Endelea."

Gari lenyewe lilikuwa Benzi jeusi la Mzee Bediako, baba yake Serwaa, mpenzi wa Kwadwo, na Jumamosi lingeongoza msafara wa mazishi mbele ya ukoo mzima. Mara mbili Kwadwo alikuwa ametuma wajumbe na chupa za pombe za kubishia hodi, amchumbie Serwaa. Mara mbili chupa zilirudi hazijafunguliwa. "Mwanangu haolewi na msugua magari," mzee alisema, kisha akajigamba kama kawaida yake: "Gari langu nililinunua jipya, na rangi ni ya kiwandani." Likirudi liking'aa, huenda angelainika. Likiharibika, basi kwaheri Serwaa.

Kwa hiyo bingwa wetu alipandisha spidi hadi mwisho, akaulalia ukingo wa madigadi kwa uzito wake wote, akaanza kuwaza harusi. Harufu ya kuungua ilimkuta bado anachagua vitambaa vya sare.

Aliinua mashine. Weusi ulikuwa umelika upana wa kiganja, na chini yake ilichungulia rangi ya machungwa, ile ile inayopakwa teksi zote za Kumasi kwenye madigadi zao nne.

Konadu alikuja, akainama, kisha akacheka mpaka akashika nguzo. "Teksi! Kumbe ndicho kiwanda chenyewe!"

Na Mzee Bediako naye akaingia wakati huo huo. Alishafungua kinywa kufoka alipoiona ile rangi. Akakifunga. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akavua shuka yake nyeusi ya msiba begani na kuifunika madigadi kwa heshima zote za marehemu.

"Nani ameona?"

"Mimi na Dada Konadu tu, mzee."

Mzee alimtazama Konadu, ambaye sauti yake husikika hadi sokoni, akakaa chini juu ya tairi.

"Jumamosi litakuwa jeusi?"

"Litakuwa jeusi. Dada Konadu atalipaka."

"Nitalipaka," alisema Konadu, "nikiwa na furaha moyoni."

Mzee alikohoa. "Wale wajumbe wako, Kwadwo. Mbona siku hizi hawapiti kwangu?"

"Watapita, baba."

Hilo "baba" mzee alilimeza kama kwinini. "Waje Jumapili," alisema. "Na chupa. Hiyo mashine iacheni huku huku."