Zawadi ya Murielle kutoka Kwenye Barafu

Mama Thérèse alitangaza mwenyewe, kanisani, mbele ya akina mama wote wa mtaa wa Bertrams: binti yake Murielle, anayetandika vitanda kwenye meli ya watalii kule Antaktika, atarudi na zawadi ya kuonyesha watu. Tangu Mama Victorine aende Yerusalemu akarudi na maji ya Yordani, akayaweka juu ya televisheni, yamevishwa kitambaa cha kufuma, Mama Thérèse alikuwa hali akashiba.

Safari ikiwa inaelekea ukingoni, Murielle akapiga simu ya video akiwa sitahani. Nyuma yake palikuwa na barafu, na juu ya barafu pengwini wamesimama kama mashemasi wanaongoja sadaka.

"Mama, hawaachi mtu abebe kitu huku. Hata jiwe."

"Jiwe dogo."

"Hata dogo, mama."

"Unyoya?"

"Wanatufyonza mifuko kwa mashine. Viatu tunasugua kwa brashi."

Mama Thérèse akaondoa mguu kwenye cherehani. "Nchi gani hiyo, mgeni anaondoka mikono mitupu? Wenyeji hawakufundishwa na mama zao?"

"Wenyeji ni hao ndege."

"Basi waombe vizuri."

Murielle akacheka mpaka simu ikatikisika.

"Cheka tu. Victorine akija, nimuonyeshe nini? Baridi?"

Jumapili Murielle alipofika nyumbani, akina mama walikwisha kaa, kuanzia mlangoni hadi kitandani, Victorine mbele, mkoba magotini. Murielle akatoa chokoleti.

"Hii iko kwenye duka la spaza hapo kona," Victorine akasema kwa upole. "Sisi tumekuja kuona ya kule."

Mama Thérèse akalivuta begi la mwanawe, akafungua zipu, akachomoa koti jekundu nene. Ikatoka harufu. Banda la kuku, samaki waliooza, na kitu kingine kisicho na jina. Mtu akafungua dirisha.

"Eish, mama, liache," Murielle akasema, uso umemwiva. "Siku ya mwisho walituruhusu wafanyakazi tushuke. Nikateleza, nikakaa kwenye mavi ya pengwini. Nimefua, haitoki."

Mama Thérèse akalinyanyua koti juu, kama muuza vitenge anayefungua doti mpya.

"Nusa, Mama Victorine. Antaktika yenyewe hiyo."

Victorine akanusa. Machozi yakamtoka. Nyuma yake foleni ikajipanga bila kuambiwa.

"Kama ndagala zilizonyeshewa, dagaa wale wa kwetu Uvira," akasema Marcelline, mshona nguo mwenzake Mama Thérèse. Akanusa tena, safari hii polepole, macho amefumba. Wa nyuma wakamsukuma.

Mwishowe Victorine akaliomba koti, kwa siku moja tu, akawaonyeshe jamaa zake wa Malvern. Mama Thérèse akalifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akakaza fundo, akamkabidhi.

"Mama, ni la kampuni," Murielle akanong'ona. "Wanalitaka."

"Wangoje. Akina mama wa Bellevue bado hawajanusa."