Kidole Tumbo cha Pili

Maumivu yalimkunja Mboni dukani kwake Bariadi, mkasi mkononi, akimkatia mteja kitenge. Yalikuwa yale yale. Daktari alishamwambia kwamba nyama kama za ndani ya mfuko wa uzazi zimeota tena nje yake, na wakimpasua mara hii huenda wakaondoa na kifuko cha mayai cha kushoto. Aamue mwenyewe.

Kisu alikiogopa, lakini mama mkwe alimwogopa zaidi. Upasuaji wa kwanza, yeye na mumewe Hamimu walimdanganya mama huyo kuwa ni kidole tumbo, asije akatangaza kwamba mwanawe kaoa mgumba.

Jioni mama mkwe alileta uji, akamkuta kajikunyata kitandani, kakumbatia chupa ya maji ya moto.

"Nimekubali wanipasue tena, mama," Mboni alisema.

Mama mkwe aliweka chupa ya uji chini, taratibu.

"Kwani wewe, mwanangu, una vidole tumbo vingapi?"

Hamimu, mlangoni, akainamia viatu vyake.

"Kimoja tu, mama," Mboni akasema. "Na bado ninacho."