Ua la Uzi Chini ya Taa ya Zambarau

Jumamosi, tarehe 17 Januari 1998. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yameushukia mji wa Oakdale, na theluji laini ilianguka bila upepo, kana kwamba inaogopa kumwamsha mtu.

Tumsifu alimfunga mzee Arvid skafu, akamwingiza garini. Alikuwa akimhudumia mzee huyo aliyefiwa na mke kwa mwaka wa pili, na siku nyingi sauti pekee nyumbani mle ilikuwa ya televisheni. Leo walikuwa na safari. Kwenye ukumbi wa askari wastaafu kulikuwa na mkaguzi wa beji za Kijerumani za wakati wa vita, na Arvid alikuwa na moja: ua jeupe lililotariziwa juu ya kitambaa cha kijani, alama waliyoivaa mkononi askari wa milimani. Mateka mmoja Mjerumani alimpa huko Italia, baada ya Arvid kumnywesha maji. Wenzake wa ukumbini hawakuisadiki habari hiyo, naye akaacha kwenda kukaa nao.

Ukumbini mkaguzi alizima taa, akawasha nyingine ndogo ya zambarau. Ua likang'aa gizani kama meno.

"Pole," alisema. "Uzi wa zamani hauwaki hivi. Hii imetengenezwa baada ya vita."

"Arvid! Kumbe mateka wako alikuwa na duka la midoli!" mmoja wa wazee waliokuwapo alidakia. Wakaangua kicheko.

Arvid akavaa kofia taratibu. "Twende nyumbani, kijana."

Jana yake Tumsifu alikuwa ameifuta beji ile kwa povu la sabuni, maana kwao mtu hapeleki kitu mbele za watu kikiwa na vumbi. Waliomwajiri walikataza kugusa mali za wagonjwa. Akisema, huenda kazi ikaisha. Akaomba kimoyomoyo: Bwana, nifungue kinywa.

"Niliisafisha mimi," alisema. "Kwa sabuni ya kufulia. Mzee hajui."

Mkaguzi akaelekeza taa kwenye kola ya shati la Tumsifu. Nayo ikang'aa vilevile.

"Sabuni za siku hizi zina dawa ya kung'arisha. Nyuma uliisugua?"

"Hapana. Kuna karatasi imegandishwa, niliogopa itachanika."

Arvid alipokubali kwa kichwa, mkaguzi akaibandua karatasi kwa kisu chembamba. Wote wakainama. Nyuzi za nyuma hazikuwaka hata moja. Akawasha taa za ukumbi, akachunguza mshono kwa kioo cha kukuzia.

"Ni ya wakati ule," alisema hatimaye. "Nani alikupa, uzi hauwezi kuniambia. Lakini beji ni ya kweli."

Yule mcheshi akavuta kiti. "Keti, Arvid. Tusimulie tena."

Arvid hakuketi. Alikuwa akimtazama Tumsifu.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilidhani utafurahi, mzee wangu."

"Karatasi ile aliibandika mke wangu. Na vumbi lile, tangu afariki, hakuna mkono mwingine uliowahi kuligusa."

Tumsifu akavua kofia, akasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Nisamehe. Mbele ya wazee hawa naahidi: kitu chako chochote sitakigusa mpaka useme. Na Jumapili, nikitoka kanisani, nitakuja kukaa nawe. Nitakuja kama mgeni wako, si kama mfanyakazi."