Makochi ya Bi Sharifa

Usingizi hauna adabu. Humjia aliyeshiba na aliyelia vilevile, na alasiri ile ulimjia Somoe Chilumba akiwa amejilaza kwenye mkeka chumbani kwao, mtaa wa Mikoroshini, uso ameuelekeza ukutani ili asiyaone makochi. Makochi yenyewe yalikuwa sebuleni, mekundu, manene, yameijaza sebule hata mlango haukufunguka wote. Hayakuwa yao. Asubuhi yake mtendaji wa mtaa, Bwana Nandonde, alikuja kuiona nyumba kwa macho yake kabla ya kuigonga muhuri fomu ya Somoe ya kuomba mkopo wa serikali wa kusomea chuo kikuu. Bila muhuri ule fomu haiendi popote, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa kesho. Sasa mgeni wa serikali anakuja, utamkalisha wapi? Bi Asumini, mama yake Somoe, mjane anayekaanga bagia za kuuza, aliwaza hivyo, na mara alipopambazukiwa akaenda kwa jirani yake Bi Sharifa kuazima makochi, zulia na vikombe vya maua. Kwa mwalimu Chitanda ikaazimwa runinga, ingawa nyumba haina umeme. Kisha akamchinja jogoo.

Bwana Nandonde alikula, akashiba, akashukuru. Akayabonyeza makochi kwa kiganja, akaitazama runinga, akasema kwa upole kabisa, "Bi Asumini, nyinyi Mungu amewajalia. Nafasi hizi tuwaachie wasio nacho, au sivyo?" Bi Asumini, badala ya kusema kweli, akatabasamu na kumwongezea mchuzi. Mtendaji akaurudisha muhuri mkobani pamoja na fomu, akaondoka anachokonoa meno. Ndivyo riziki ya mtu inavyoweza kutoka mlangoni huku mwenyewe anaiaga kwa bashasha.

Somoe alikuwa amechaguliwa kusomea uhandisi wa maji. Tangu mdogo alikuwa mtoto wa "kwa nini": kwa nini kisima cha bondeni kina chumvi na cha mlimani hakina, kwa nini bomba la mtaa hutoa upepo kabla ya maji. Chuo kilikuwa kimemkubali, kilichobaki ni huo mkopo, na bila mkopo angebaki kukaanga bagia na maswali yake yote kichwani. Alimkasirikia mama yake mpaka akaona haya kwa kumkasirikia, akalia, akachoka kulia, na hapo ndipo usingizi ulipomchukua.

Akajikuta njiani. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu, pana, na pande zote mbili zimeanikwa kanga kwenye kamba, nyingi mno, hata mbingu haikuonekana ila kwa vipande. Watu walikuwa wakipita kwa wingi, kila mmoja amebeba kichwani kitu kilichofunikwa kwa kawa, na kila waliposalimiana walijibizana, "Hali njema, alhamdulillahi, hatujambo kabisa," huku shingo zinawatetemeka kwa uzito. Somoe alitamani kufunua kawa moja aone kuna nini chini yake. Kabla hajanyoosha mkono akamwona mwanamke mfupi, yuko pekupeku, anainua kanga moja baada ya nyingine na kuchungulia nyuma yake bila soni yoyote.

"Hatimaye umekuja," alisema yule mwanamke. "Mimi naitwa Udadisi. Tumelelewa pamoja mimi na wewe, ila leo asubuhi uliniacha. Mtu akishanuna haulizi tena kitu."

"Hapa ni wapi, dada?"

"Nchi ya Haja. Kila unayemwona ana shida, na kila mmoja anaihangaikia shida yake isionekane. Mwisho wa njia pana mlango, na nyuma ya mlango pana maji unayoyatafuta. Nitakupeleka. Ila lolote utakaloliona, uliza, maana kuuliza si ujinga, na hapa anayenyamaza ndiye anayepotea."

Wakaenda. Hawakufika mbali, wakamkuta bwana mmoja mwenye masikio makubwa amekalia ndoo iliyopinduliwa katikati ya njia, mdomo wake haupumziki. "Mlango ule una wenyewe!" alikuwa akinadi. "Mkono mtupu haulambwi! Majina yalishapangwa zamani, nyinyi mnasindikiza tu!" Huyo alikuwa Bwana Tetesi, na wapo watu waliomsikiliza, wakatikisa vichwa, wakageuza na mizigo yao kurudi walikotoka. Somoe naye nusura ageuke, kwa sababu maneno hayo alikuwa ameshayasikia mtaani. Lakini Udadisi alimpiga kumbo la ubavuni, na Somoe akauliza, "Samahani baba, wewe ulishafika kwenye huo mlango?" Bwana Tetesi akakuna sikio, akatazama huku na huku. "Mimi? Mimi nina kazi nyingi hapa," alijibu. Somoe akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, wakamzunguka na ndoo yake wakapita.

Mbele yao ikatokea nyumba ndefu yenye mapazia mazito, na mlangoni amesimama mwanamke mrefu, bangili zimemjaa mpaka kwenye kiwiko. "Karibu mwanangu, karibu ndani, Bi Fahari hamkalishi mtu chini," alisema, na sauti yake ilikuwa tamu hasa. Ndani mlikuwa na kila kitu: meza, makabati, runinga tatu zimepangana, na katikati kochi jekundu ambalo Somoe alilitambua mara moja. Kilichomshangaza ni kwamba kila kitu kilifungwa kamba mguuni, na kamba zote zilitoka nje kupitia dirishani, zimekazika, zinavutwavutwa kidogo kidogo kama vile upande wa pili kuna mbuzi.

"Hizi kamba zinakwenda wapi?" Somoe aliuliza.

"Kaa, mwanangu. Mgeni mwema haulizi."

"Zinakwenda kwa wenyewe," Udadisi alimnong'oneza.

Somoe alikuwa amechoka, akakaa. Kochi lilikuwa laini, likamchukua mgongo, likamchukua mabega, na alipoinama kutazama miguu yake hakuiona. Mikono nayo ilikuwa inafifia, kilichoonekana mahali pake ni kitambaa chekundu tu. Akashtuka, akajaribu kusimama, lakini kochi lilikuwa limemganda mgongoni. Akatoka nalo hivyohivyo, amelibeba kama konokono, na nyuma yake akawa anafuatwa na kitoto cha kike kilichojifunika ushungi mpaka machoni, kimeng'ang'ania pindo la kanga yake. "Huyo ni Aibu," alisema Udadisi. "Mwache aje. Utamhitaji kumwuliza jambo."

Mlango ulikuwa mkubwa, wa mbao nyeusi, na ulikuwa ukijifunga polepole wenyewe. Kando yake aliketi Bi Haki, mama mnene aliyevaa miwani, mwenye macho makali na sauti isiyo na haraka. Somoe alijikokota mpaka mbele yake. "Shikamoo mama. Naomba kupita."

Bi Haki alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Naona kochi," alisema. "Kochi zuri. Mwenye kochi hili hana shida. Anayefuata!"

"Mimi niko hapa, mama! Chini ya kochi!" Somoe alipiga kelele, lakini sauti ilitoka imejaa sufi, haikufika.

Udadisi akamsaidia kuuliza. "Bi Haki, mbona humwoni, na wewe ndiye haki?"

"Mimi si mganga, siagui wala sipigi ramli. Macho yangu ni mazima, lakini naona ninachoonyeshwa. Mtu akiniletea kochi, napima kochi. Akiniletea nafsi yake, napima nafsi yake. Wanaonilaumu njiani ni wengi, na wengi wao sijapata kuwaona nyuso."

Somoe aliondoka pale analia kwa hasira. Hatua chache kutoka mlangoni palikuwa na kibanda kidogo, na mbele yake, juu ya mkeka, alikaa mwanamke aliyefanana na Bi Fahari kila kitu, sura, kimo, hata cheko, ila mikono yake ilikuwa mitupu na ina madoa madogo ya kuungua mafuta. Madoa hayo Somoe aliyajua. Ni ya mafuta ya bagia. Akapiga magoti bila kuambiwa.

"Wewe na Bi Fahari ni ndugu?"

"Tumenyonya ziwa moja," alijibu yule mwanamke. "Mimi ni Heshima. Watu hutuchanganya kila siku, na wanaotuchanganya zaidi ni watu wema. Mama mkarimu hunifungulia mlango mimi, dada yangu akaingia nyuma yangu kwa ncha za vidole."

"Sasa mtu atawatofautishaje?"

"Subiri mgeni aondoke. Ukiwa ulikuwa na mimi, utabaki umechoka tu. Ukiwa ulikuwa na yeye, utabaki unaogopa. Mimi humpa mgeni nilicho nacho, hata kiwe maji. Yeye humpa mgeni cha watu. Tena usimsonye mama yako moyoni mwako kama unavyofanya sasa hivi. Mgeni alipewa heshima ya kweli katika nyumba ile leo, ila ilifunikwa."

Somoe alifungua kinywa kujitetea, na hapo akakumbuka kitoto kilichokuwa kinamfuata. "Aibu ni mbaya?" aliuliza.

"Hapana. Alitumwa akuzuie usiibe na usiseme uongo. Hakutumwa akuzuie kusema sina. Mfunue umwone."

Somoe akamvuta ushungi. Chini ya ushungi ulikuwa uso wake mwenyewe, Somoe, uleule wa asubuhi, na papo hapo akayakumbuka yaliyopita alfajiri: nani aliyebeba kochi upande mzito, nani aliyesema, "Mama, tuchukue na ile runinga ya mwalimu." Mama alitaka vya Bi Sharifa tu. Hasira ikamtoka, na kochi nalo likalegea, likamdondoka mgongoni kwa kishindo, na kamba yake ikalivuta likaenda zake kwa mwenyewe. Akasimama mwepesi, miguu yake yote miwili inaonekana, akauomba ule mkeka, akakimbia nao mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa umebakiza upenyo wa kupita kuku. Akautandika mkeka mbele ya Bi Haki, akakaa, akasema, "Hiki ndicho tulicho nacho." Bi Haki aliinama, akainama zaidi, mpaka miwani ikakaribia kugusa paji la uso la Somoe, na akasema kwa mshangao wa mtu aliyefurahi, "Alaa! Kumbe ulikuwa na sura."

Kitu kikakwaruza sakafu. Somoe akafumbua macho.

Jua lilikuwa bado lipo, limeingia dirishani limepita ukutani. Mama yake alikuwa sebuleni peke yake, analivuta kochi kulitoa nje, anahema. Somoe aliinuka akatoka, na Bi Asumini alipomwona akasahau huzuni yake, akaangua kicheko. "Jitazame mwanangu! Mkeka umekupiga muhuri shavu zima." Somoe alijipapasa shavuni, akaikuta mistari ya ukili imejichora ngozini, na akabaki amesimama na mkono shavuni muda mrefu. Yote aliyoyaona yalimrudia kwa pamoja, na akayaelewa.

"Mama, tuyarudishe makochi, halafu nikamwite Bwana Nandonde. Yupo ofisini, leo watu ni wengi."

"Arudi aje kukaa wapi?"

"Alipokuwa anakaa baba."

Bi Asumini aliliachia kochi. Marehemu mumewe alikuwa akikaa kwenye mkeka, na hakuna aliyewahi kumwona duni. "Na aibu hii nitaiweka wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Tutakaa naye," alijibu Somoe, "ni wetu." Akashika upande mzito wa kochi, safari hii wakilirudisha.

Bwana Nandonde alikuja akiwa amechoka, hana furaha ya kuitwa mara mbili kwenye nyumba moja. Mlangoni alisita. Sebule ilikuwa imekuwa kubwa ghafla, nyeupe, ina mkeka mmoja na ufa ukutani ambao asubuhi ulifichwa na runinga. Akavua viatu, akaketi, akapewa maji kwenye kikombe cha plastiki. Alitazama pande zote kwa muda.

"Makochi?"

"Ya Bi Sharifa," alisema Bi Asumini, anatazama chini. "Zulia na vikombe pia. Runinga ya mwalimu Chitanda. Sisi hatuna hata umeme, baba."

Mtendaji akaiangalia dari, akatafuta taa asiione, akajishika kidevu. "Na jogoo niliyemla? Yule alikuwa wa nani?"

"Yule alikuwa wetu."

"Mlikuwa nao wangapi?"

"Alikuwa huyohuyo."

Bwana Nandonde aliweka kikombe chini. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia," alisema Bi Asumini, na sasa alimtazama usoni, "ungekula?"

Mtendaji alivuta mkoba, akaitoa fomu ya Somoe, akageuka kushoto na kulia kutafuta pa kuiwekea, na meza hapakuwa. Akailaza juu ya mkeka, akausukumiza muhuri kwa uzito wake wote. Ulipoinuka, wino ulikuwa umeshika vizuri, na ndani yake, toka ukingo hadi ukingo, imepita mistari ya ukili.