Hatua Kumi za Doña Eusebia

Wara Quisbert alikuwa na kipindi kimoja tu cha mtihani. Mgonjwa wake atembee hatua kumi bila kushika fremu ya kutembelea, mbele ya mwalimu Irahola, la sivyo arudie mwaka mzima wa mafunzo ya tiba ya viungo. Mgonjwa mwenyewe ni doña Eusebia Chambi, muuza viazi wa mji wa El Alto. Nyonga ilivunjika, ikaunga vizuri, lakini kila akiinuka alipepesuka kama mlevi.

"Kaza tumbo, mama."

"Nikaze tumbo, nimekula nini? Hiyo supu yenu ya maji?"

Hatua mbili, ya tatu akayumba. Wara akamdaka, akamketisha. Mwalimu akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Kwa wiki tatu Wara alifuata kitabu neno kwa neno. Siku ya kwanza kabisa alimfungua bibi shuka lake la rangirangi la kubebea mizigo mgongoni, akalitia kabatini. Mgonjwa awe mwepesi.

"Usinune, binti," alisema doña Eusebia. "Kitendawili!"

"Mama, niko kwenye mtihani."

"Hata mimi nimo. Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Akishiba husimama, akiona njaa huanguka."

Wara akawaza. "Gunia."

"Ah! Nami nilishachagua mji wa kupewa."

Wara alicheka, kisha akautazama mgongo wa bibi. "Mama, ulianza kubeba mgongoni lini?"

"Nikiwa na miaka sita. Kwanza mdogo wangu, kisha viazi, kisha wanangu, kisha viazi tena."

Wara akafungua kabati.

"Hilo halimo katika utaratibu," alisema Irahola.

"Najua, mwalimu. Ukikata alama, kata." Akaviringisha mablanketi mawili ndani ya shuka, akambebesha bibi mgongoni na kulifunga kifuani. Mabega ya bibi yakainama mbele kidogo, miguu ikajipanga yenyewe.

Moja. Mbili. Kwenye ya saba akasita, na Wara akanyoosha mikono bila kumgusa. Nane. Tisa. Kumi. Na hakusimama, akapita mlangoni.

Irahola aliangalia karatasi yake kitambo. "Uzito gani ule?"

"Kilo mbili, labda."

"Labda si kipimo. Upime, uandike. Kesho utawafundisha wenzako."

Huko ukumbini sauti ikapaa: "Nyie! Kugeuka hamjanifundisha!"

Wara akatoka mbio.